Kabila si rangi ya jeshi: jibu kwa vijana wanaotunga mchezo wa vita zetu

Mchezo ni mchezo tu, wananiambia. Risasi zake haziui, damu yake inafutika ukizima mashine, sasa redio inajiingiza kwa nini? Wapenzi wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu mliokimbia Nyabiondo, Kashebere na Masisi mjini, mnaosoma ukurasa huu kwa telefone ya kuazima, ninajibu kwa maandishi kwa sababu jibu ni refu kuliko dakika ninazopewa asubuhi.

Habari yenyewe ni hii. Vijana fulani hapa Omate, wale wanaokusanyika kwenye nyumba ya kuchajia telefone, wanatunga mchezo wa kompyuta juu ya historia ya Masisi na Walikale. Wana kaye nzima ya michoro, na nasema wazi kwamba michoro ni mizuri. Ni mchezo wa vita wa aina ile ambamo pande zote zinasonga kwa wakati mmoja, hakuna kungojeana zamu kama kwenye dama. Unachagua upande wako, unajenga, unalima, unachimba, unaunda askari, kiisha unakwenda kumpiga jirani. Waliniomba nisome redioni majina ya pande zao sita ili wasikilizaji wapige simu na kusema ipi inawapendeza. Nilikataa. Sasa wanasema redio inawaogopa wakubwa.

Pande sita za kaye ni makabila sita. Kila kabila limepewa rangi, na zawadi yake ya kuzaliwa: hili linajua pori, lile linajua ng'ombe, hili linapata pesa upesi, lile linazaa askari kwa bei ndogo. Upande mmoja hawakuuandika hata jina la kabila, wameandika «wageni». Sitataja mengine. Msomaji wa Masisi anaweza kujaza mwenyewe, na hapo ndipo ubaya ulipo: anaweza kujaza bila kufikiri.

Mfano wao najua waliutoa wapi. Kwenye ile kompyuta ya nyumba ya kuchajia kuna Age of Empires ya pili, mchezo uliotoka mwaka 1999, uliofika huku kwa kunakiliwa toka ufunguo hadi ufunguo. Mle ndani kila upande ni taifa au kabila la zamani: Waingereza wana upinde mrefu, Wafrank wana farasi, Wagoth wanajaza askari wa miguu kama siafu. Mwaka 2015 waliongeza Wamali, Waethiopia na Waberberi, na vijana wakasema: basi na sisi tujiongeze. Hamu hiyo naielewa. Lakini mtengenezaji wa Marekani anapompa Mgoth tabia ya kuzaliwa nayo, anacheza na watu waliokwisha kutoweka. Hakuna mtu anayesimamishwa kwenye barieri ya njia ya Walikale na kuulizwa kama mama yake ni Mgoth. Makabila ya kaye yenu yanaulizwa kila siku, na jibu linaweza kumlaza mtu shimoni.

Mikrofoni ninayoshika ina historia pia. Kati ya 1993 na 1994, redio RTLM ya Kigali ilifundisha watu kuhesabu majirani zao kwa makundi, na ilianza kwa muziki na utani kabla ya kufika kwenye orodha. Mwaka huohuo wa 1993, mwezi wa tatu, sokoni Ntoto, hapa hapa Walikale, watu waliuawa kwa kuhesabiwa hivyo, na Masisi ikawaka nyuma yake. Mwanafunzi yeyote wa uandishi wa habari Goma anafundishwa hilo. Kupigisha watu kura redioni juu ya kabila lenye askari wa bei nafuu siwezi, hata ikiwa ni kwa kuchekesha.

Lakini tuseme hatari haipo. Tuseme mchezo utachezwa Kanada, na watu wasiojua Masisi iko wapi. Bado pande za namna hii ni uongo wa historia, na mimi nagombana nao hasa kwa hapo, maana vijana wanasema wanataka «ukweli wa mababu».

Tuanze na vita ya 1892 hadi 1894, ile inayoitwa vita ya Waarabu na Wabelgiji. Inaonekana kama imetengenezwa kwa mchezo: pande mbili, rangi mbili. Sasa muweke Tippu Tip. Ni mfanyabiashara wa Zanzibar, wa pembe za ndovu na watumwa, na mwaka 1887 Leopold alimfanya gavana wa Stanley Falls. Kwa miaka kadhaa, basi, hizo pande mbili zilikuwa zimeandikiana mkataba. Muweke Ngongo Lutete. Alipigana kwa ajili ya watu wa Tippu Tip, mwaka 1892 akahamia kwa Wabelgiji na askari wake wote, akawasaidia kushinda, na mwezi wa tisa 1893 Wabelgiji haohao wakamuua kwa kumshuku usaliti. Mnampa rangi gani? Miaka miwili baadaye, askari wa Luluabourg walipowaasi maofisa wao, wengine wakiwa na uchungu wa kifo chake, wakoloni waliandika kwamba ni «uasi wa Watetela». Ndani yake walikuwamo watu wa makabila mengi. Jina moja lilimfaa ofisa mwenye haraka ya kujaza ripoti, na jina hilo lilibaki likiwasumbua watu wasiohusika. Kaye yenu inarudia kazi ya ofisa yule.

Mniambie hiyo ni mbali, ni Maniema na Kasai. Haya, turudi nyumbani, na tuchukue jambo lenye uchungu. Mwishoni mwa Julai 2010, kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, vijiji 13 vilivamiwa kwa siku nne, na walichotendewa akina mama huko dunia nzima ilisikia. Nani walivamia? Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta muungano wa makundi matatu: Mai-Mai wa Sheka, FDLR, na askari waliotoroka jeshi pamoja na kanali wao. Kwa hesabu ya kabila watu hao walipaswa kuchinjana. Kundi la Sheka lilijiita hata walinzi wa nchi. Na Sheka mwenyewe, aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Goma kifungo cha maisha mwezi wa kumi na moja 2020, kabla ya kuanzisha kundi mwaka 2009 alikuwa katika biashara ya madini. Ukitaka kujua upande wake ulikuwa upi, angalia barabara na angalia machimbo.

Omate yetu vilevile. Mwaka 2010 iliandikwa katika ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kwa sababu ya dhahabu: makampuni mawili yaligombania machimbo, na watu wa jeshi wakaingizwa katika ugomvi. Hakuna kabila hata moja lililoshinda vita ile. Na ukishuka leo kwenye shimo lolote, utakuta PDG wa shimo katoka sehemu moja, wachimbaji sehemu nne, akina mama watwangaji wa mawe sehemu nyingine, na mbebaji aliyefika jana hajaulizwa katoka wapi, ameulizwa tu kama mgongo wake ni mzima. Wanagawana mchanga kwa ndoo. Ukigawanya shimo hilo kwa rangi sita za kaye, kesho asubuhi hakuna atakayeteremka.

Najua jibu lao, kwa sababu walinipa, na ni jibu zito. Walisema: lakini makundi ya porini kweli yanaita watu kwa jina la kabila, wewe mwandishi unaficha. Sifichi. Mkubwa wa kundi akikosa pesa au bunduki, jina la ukoo ndilo silaha ya bei ndogo iliyobaki. Basi liwekeni kwenye mchezo hivyo: kama kitu anachotumia kamanda. Awe na kitufe cha kuita ukoo. Akikibonyeza anapata vijana hamsini upesi, bila kuwalipa. Lakini sekunde ileile soko la kijiji cha jirani linafungwa, chumvi na sabuni hazifiki, na wazee wa ukoo huohuo wanaanza kuficha watoto wao. Hapo mchezaji atajifunza kitu cha kweli kuhusu Masisi. Tofauti ya mchezo huo na wa kaye ni kubwa: kwenye kaye kabila linapigana kwa sababu limezaliwa hivyo, na kamanda hayupo kabisa, amejificha nyuma ya rangi.

Nije kwa askari na watu wa mchezo, maana hapo ndipo kaye iliniudhi zaidi kuliko kwenye majina.

Kurasa ishirini za watu wenye silaha. Mkuki, bunduki ya gobori, kalashi, roketi, kila kimoja na nguvu yake na kasi yake. Mwanakijiji ana nusu ukurasa. Ameigwa kutoka Age of Empires: kule mwanakijiji anagharimu chakula 50, anazalishwa kama mkate, analima, anakata miti, anachimba dhahabu. (Anaigonga dhahabu na kuipeleka kambini moja kwa moja, hakuna anayemsimamisha njiani kumuuliza jetoni. Wachimbaji niliowasimulia walicheka mpaka kulia.) Na kila mchezaji hodari anajua mbinu ya kwanza: usipige askari, vamia mashamba, ua wanakijiji wa mwenzako mapema, uchumi wake unaanguka, umeshinda. Hakuna adhabu. Mchezo unakupa pongezi.

Ndugu zangu mlioacha maharagwe shambani, mmeelewa bila mimi kueleza. Mbinu hiyo mnaijua kwa upande wa pili. Sisemi kijana akicheza hivyo atakuwa muuaji, huo ni upuuzi wa watu wazima wasiowahi kucheza. Nasema kwamba mtu wa Omate akitunga mchezo, aliyekulia mahali hapa, akamwacha mwanakijiji afe bila gharama yoyote, amejinyima kitu pekee anachokijua kuliko mtengenezaji wa Marekani. Kijiji kikichomwa watu hawaishi pale. Wanabeba sufuria, wanaingia pori, wanalala kanisani, wanafika kwa shangazi ambaye nyumba yake ina watu kumi na wawili tayari. Yule aliyechoma anakula mbuzi siku tatu, kiisha anakosa chakula msimu mzima, anaanza kuvamia mbali zaidi. Hiyo ni kanuni ya mchezo! Inahesabika, inachorwa, inachezeka. Kwa nini haimo?

Na mbebaji yuko wapi? Historia ya vita za nchi hii ni historia ya migongo. Mwaka 1916 Force Publique ilipotoka Kivu ikaiteka Tabora mwezi wa tisa, magazeti ya Ulaya yalisifu askari na maofisa. Nyuma yao, katika vita ile, Kongo ilitoa wabebaji zaidi ya 200,000, na wengi hawakurudi. Bila wao hakuna mzinga uliofika Tabora. Leo je? Kijana anayekutana na wenye silaha njiani akabebeshwa masanduku siku mbili bila kula, huyo ni mtu wa mchezo wa namna gani? Na siku ya salongo, watu wote wanapotolewa shimoni wafanye kazi ya mkubwa bure? Kwenye kaye hakuna ukurasa wa mbebaji hata mmoja. Nimeuliza. Waliniambia hana silaha.

Sasa wasiseme nataka mchezo usiwepo. Nautaka kuliko wao. Watoto wetu wanawajua Wanormani na hawamjui Bushiri Lungundu. Ni aibu, na aibu hiyo siwapi vijana, nawapa shule na sisi wa redio. Kwa hiyo napendekeza hadithi, na wakiichukua bure sitadai kitu: mwaka 1944, uasi wa Masisi na Lubutu.

Ulitokea katika nchi hii hii tunayoikanyaga. Vita ya dunia ilikuwa inaendelea, Wajapani walikuwa wamechukua mashamba ya mpira ya Asia, na Ubelgiji ikawarudisha watu wa Kongo porini kugema mpira. Kazi ya lazima, iliyokuwa siku 60 kwa mwaka, ilipandishwa mwaka 1942 mpaka siku 120. Juu yake barabara, machimbo, kodi, na fimbo ya ngozi ya kiboko. Bushiri alihubiri Kitawala, dini iliyotokana na Watch Tower na kupanda kutoka kusini, akiwaambia watu kwamba utawala wa wazungu unakwisha. Uasi ulizuka mapema 1944, na serikali iliuzima kwa nguvu kubwa. Mara nyingi unaitwa tu uasi wa Wakumu. Ukiuuliza ulikula nini, utakuta mpira, barabara na siku 120.

Tazameni jinsi pande zinavyojitokeza zenyewe, bila kabila. Upande wa kwanza ni Dola, yenye askari wa Force Publique wachache lakini wanaotembea na karani, maana bila daftari la kodi haijui nani yuko wapi. Kumbe karani ni wa hatari kuliko askari: akikamatwa yeye, Dola inakuwa kipofu. Upande wa pili ni Kampuni, isiyo na jeshi lake, inayonunua jeshi la Dola kwa kodi na kuomba watu wa kazi. Wa tatu ni machifu waliopewa medali, walio kati, wenye polisi wao, na kila agizo wanalotii linawapunguzia watu wao. Wa nne ni Kitawala, wenye mhubiri anayetembea usiku, asiyejenga chochote, lakini kila kijiji anacholala kinaacha kupeleka mpira. Mtu mmoja anaweza kupita pande tatu katika mwaka mmoja, kama Ngongo Lutete zamani zake. Na kila siku ya mpira inamtoa mtu shambani, kwa hiyo Dola ikikaza sana inaua chakula chake yenyewe. Niambieni kama hiyo ina ladha ndogo kuliko mkuki dhidi ya farasi.

Hata lile neno «wageni» litaanguka lenyewe. Mwaka 1937 wakoloni walianzisha shirika la kuhamisha watu kutoka Rwanda kuja Masisi, na liliendelea mpaka 1955, kwa sababu mashamba na kampuni vilitaka mikono. Katika mchezo wa kweli, aliyehama ni mtu aliyewekwa kwenye lori na Dola, akapewa kiwanja kilichochukuliwa kwa chifu bila chifu kuulizwa vizuri. Anayestahili rangi ya adui katika hadithi hiyo ni yule aliyeshika kalamu, na kwenye kaye hayumo.

Neno moja la sheria, kwa sababu nimeona kurasa zenye sura za watu walio hai. Mwaka 2012 mchezo wa Call of Duty ulimweka Jonas Savimbi wa Angola, aliyekuwa amekufa miaka kumi. Watoto wake walikwenda mahakamani Ufaransa mwaka 2016, wakisema baba yao amechorwa kama mshenzi. Hawakushinda, lakini walikuwa na mahakama ya kwenda. Makamanda mliowachora ninyi hawatakwenda mahakamani. Wana pikipiki, na wanajua nyumba ya kuchajia iko wapi. Futeni sura hizo leo, kabla ya mchana.

Limebaki swali la ushindi, ambalo mtunzi mmoja aliniuliza kwa hasira: kama simwachi aue wanakijiji, mchezo utaishaje? Katika Age of Empires unashinda ukiwamaliza wote. Mimi ningehesabu mwezi wa tisa, wakati wa kupanda. Mchezo unasimama, unahesabu mashamba: mangapi yamepandwa na mtu yuleyule aliyeyalima mwaka uliopita. Upande wenye mashamba mengi unaongoza, hata kama bunduki zake ni tano. Aliniambia hakuna mtu atakayecheza hivyo. Akakae jioni moja na mama aliyetoka Nyabiondo, amuonyeshe michoro, amuulize yeye angeanza kwa kujenga nini.